Kuvuka Mpaka wa Mlimani kwa Gari Binafsi: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji

Utangulizi

Wakazi wa Moshi, Himo na Rombo wana ndugu Taveta, Loitokitok na Voi. Msiba ukitokea upande mmoja, jamaa wa upande wa pili huamka alfajiri, hujaza gari mafuta na kuondoka. Mpaka uliochorwa kufuatia makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 uliupinda mstari kuuzunguka Mlima Kilimanjaro, lakini haukuwatenga watu waishio chini yake. Kwao safari ya kuvuka mpaka ni jambo la kawaida, na kwa sababu hiyo wengi huianza bila maandalizi.

Hata hivyo, gari linapovuka mpaka hubadilika hadhi kisheria. Nyumbani ni chombo cha usafiri tu. Likishavuka ni bidhaa iliyoingizwa kwa muda katika nchi nyingine, na bima iliyolilinda jana huenda isilitambue leo. Mlaji asiyefahamu hilo anaweza kupoteza katika siku moja kiasi cha fedha alichokikusanya kwa miaka.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kuchagua njia inayomfaa, kuandaa nyaraka zinazotakiwa, kutambua mipaka ya bima yake, kuendesha kwa usalama katika miteremko ya mlima, na kudai haki yake iwapo ataonewa au kudanganywa. Mifano imetolewa kwa dereva atokaye Tanzania kwenda Kenya, ingawa kanuni nyingi humhusu pia atokaye Kenya kuja Tanzania.

Sehemu ya kwanza: Kuchagua njia

Kwa msafiri wa kaskazini mwa Tanzania zipo njia tatu kuu. Ya kwanza ni Namanga, ambayo hupita Longido na kufuata barabara kuu ya kwenda Nairobi. Ya pili ni Holili, iliyo mashariki ya Himo, ambayo humfikisha dereva Taveta na kisha Mwatate na Voi. Ya tatu ni Tarakea, ambayo hupanda kutoka Himo kupitia Marangu na Mkuu katika Wilaya ya Rombo, kisha huvuka kuelekea Illasit na Loitokitok.

Njia ya Tarakea ndiyo ya mlima hasa. Ina kona nyingi, vijiji vilivyosongamana kando ya barabara, na ukungu mzito nyakati za mvua. Njia ya Holili ni tambarare zaidi, lakini baada ya Taveta hupita sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Huko tembo na wanyama wengine huvuka barabara wakati wowote, na usiku ni vigumu kuwaona kabla hujawakaribia. Panga safari ili sehemu hiyo uipite mchana.

Epuka kabisa njia za panya. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, chombo kinachovushwa nje ya vituo vilivyoidhinishwa kinaweza kukamatwa na hata kutaifishwa. Anayekuambia kwamba njia hiyo itakuokolea saa moja hatakuwapo siku gari lako litakapozuiliwa.

Sehemu ya pili: Nyaraka za dereva, abiria na gari

Nyaraka ziandaliwe siku kadhaa kabla ya safari, wala si usiku wa kuamkia. Hakikisha unazo zifuatazo:

1. Pasipoti, au hati nyingine ya safari iliyotolewa na Idara ya Uhamiaji, kwa kila msafiri. Usitegemee kitambulisho cha taifa pekee.

2. Barua ya ridhaa ya mzazi au mlezi, iwapo unasafiri na mtoto asiye wako au mtoto ambaye mzazi wake mmoja hayupo safarini.

3. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa maofisa wa afya mpakani wanaweza kukitaka.

4. Leseni ya udereva iliyo hai, ya daraja linalolingana na gari unaloendesha.

5. Kadi halisi ya usajili wa gari. Nakala peke yake huzua maswali.

6. Cheti cha bima ya ndani pamoja na kadi ya bima ya kuvukia mpaka, itakayoelezwa katika sehemu inayofuata.

Hapa ndipo wengi hukwama: gari si la dereva. Pengine ni la kaka, la mwajiri au la kukodi. Ofisa wa forodha hana namna ya kujua kama umeazimwa au umeliiba. Kwa hiyo beba barua ya idhini kutoka kwa mwenye gari, itajayo jina lako, namba ya usajili wa gari, nchi uendayo na tarehe za safari, nayo ishuhudiwe na wakili. Kama gari limekopewa benki na kadi iko mikononi mwa benki, omba nakala iliyothibitishwa na barua ya benki inayokuruhusu kutoka nalo nje ya nchi. Kama ni la kukodi, soma mkataba: mikataba mingi ya kukodi magari hukataza kuvuka mpaka bila kibali cha maandishi, na atakayevunja sharti hilo atabeba mwenyewe hasara yote itakayotokea.

Sehemu ya tatu: Bima, mahali ambapo fedha nyingi hupotea

Walaji wengi huamini kwamba mwenye bima kubwa analindwa popote aendapo. Imani hiyo si sahihi. Kila mkataba wa bima hutaja eneo ambamo unafanya kazi, na kwa kawaida eneo hilo huishia kwenye mipaka ya nchi. Ukivuka bila kuongeza eneo, umeiacha bima yako nyumbani.

Nchi kadhaa za Mashariki na Kusini mwa Afrika zina mpango wa pamoja wa bima ya magari unaojulikana kama Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa katika jumuiya ya COMESA mwaka 2000, lakini iliendelea kushiriki katika mpango huu, na Kenya nayo imo. Kadi hutolewa na kampuni ya bima iliyokukatia bima ya ndani. Haisimami peke yake. Huambatana na bima hiyo, na bima ya ndani ikiisha muda, kadi nayo hukosa nguvu.

Ni muhimu kuelewa kadi hii inalipa nini na hailipi nini. Inalipa madhara uliyowasababishia watu wengine kwa kiwango kinachotakiwa na sheria ya nchi unayoitembelea, pamoja na gharama za matibabu ya dharura za dereva na abiria wa gari lako. Hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe.

Tuchukue mfano. Dereva kutoka Himo mwenye bima kubwa anakwenda Voi akiwa na Kadi ya Njano. Karibu na Mwatate anamgonga mwendesha pikipiki; mwendesha pikipiki anavunjika mguu, na gari linaharibika taa, boneti na rejeta. Matibabu na fidia ya mwendesha pikipiki vitashughulikiwa kupitia Kadi ya Njano. Matengenezo ya gari, tuseme shilingi milioni 3, yatatoka mfukoni mwa dereva, ingawa kwa mwaka mzima amelipia bima kubwa. Angeepuka hasara hiyo kwa jambo moja tu: kumwomba mtoa bima wake, kabla ya safari, aongeze Kenya katika eneo la bima kubwa na kumpa hati ya maandishi ya nyongeza hiyo.

Kwa hiyo muulize mtoa bima wako maswali matatu, nayo majibu yawe kwa maandishi. Je, bima yangu kubwa inafanya kazi nchini Kenya? Je, Kadi ya Njano niliyopewa inaanza na kuisha tarehe gani? Nikipata ajali huko, nimpigie nani? Kisha hakiki mwenyewe. Katika mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, mlaji anaweza kuthibitisha kama bima ya gari lake imesajiliwa kweli. Hakiki hii ni ya lazima zaidi kwa anayenunua bima kwa mtu aliyekutana naye kando ya barabara, karibu na mpaka. Kadi ya kughushi hufanana na ya halali mpaka siku ya ajali.

Sehemu ya nne: Kituoni mpakani

Holili na Namanga ni vituo vya pamoja vya mpakani, vinavyoongozwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Katika utaratibu huu msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili humhudumia chini ya paa moja. Aendaye Kenya hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia upande wa Taveta. Arudiye Tanzania hukamilisha zote Holili. Mahali pengine huenda ukalazimika kusimama pande zote mbili.

Mpangilio wa kawaida ni huu: uhamiaji wa nchi unayotoka, uhamiaji wa nchi unayoingia, kisha forodha kwa ajili ya gari. Forodha hutoa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Kisome kabla hujaondoka dirishani. Linganisha namba ya usajili, namba ya chasisi na jina lako na vilivyomo katika kadi ya gari, kisha angalia tarehe ya mwisho. Kosa la tarakimu moja linaweza kukugharimu saa nyingi siku ya kurudi. Ukiona safari itarefuka, omba kuongezewa muda kabla kibali hakijaisha. Gari likizidisha siku bila idhini, mwenyewe hutozwa faini na gari linaweza kushikiliwa.

Siku ya kurudi, hakikisha kibali kimefungwa rasmi. Gari ambalo kibali chake hakikufungwa huendelea kuhesabiwa kwamba liko Kenya, hata kama limeegeshwa uani kwako Moshi.

Jihadhari na vishoka. Hawa ni watu wasio na leseni wanaomkimbilia dereva kabla hajazima injini, wakidai kwamba bila wao hatavuka. Wakala halali wa forodha ana leseni na hutoa risiti. Kwa gari binafsi lisilobeba bidhaa za biashara, msafiri anaweza kuanza mwenyewe kwa kuuliza katika dawati la forodha. Usimkabidhi pasipoti wala kadi ya gari mtu asiye ofisa. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti. Anayetaka fedha taslimu mkononi bila risiti hakutozi ada, anakuibia au anaomba rushwa.

Sehemu ya tano: Gari na miteremko ya mlima

Tanzania na Kenya huendesha upande wa kushoto, hivyo dereva wa njia hizi habadilishi upande. Anayekwenda mipaka mingine ya milimani, kwa mfano Kyanika kati ya Uganda na Rwanda, akumbuke kwamba Rwanda huendesha upande wa kulia.

Hatari kubwa ya mlima haiko katika kupanda bali katika kushuka. Gari linaposhuka, breki hugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anayekanyaga breki mfululizo kutoka Mkuu hadi Marangu hazipi nafasi ya kupoa. Pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza mkwaruzo wake, na mafuta ya breki yaliyozeeka, ambayo kwa miaka yamefyonza unyevu, yanaweza kuchemka na kutengeneza mapovu. Mapovu hugandamizika, kanyagio huzama mpaka chini na gari halisimami.

Kinga yake ni kuiacha injini ilizuie gari. Teremka kwa gia ileile ambayo ungeitumia kupanda mteremko huo, na uiingize kabla hujaanza kushuka. Katika gari la gia za kujiendesha tumia nafasi ya gia za chini. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachiwe ipoe. Usishuke kwa gia huru, ambayo madereva wengi huiita frii, kwa kudhani unaokoa mafuta. Injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa katika gia bila kukanyagwa mafuta. Kwa hiyo frii haikupi akiba yoyote, ila inakunyang'anya breki ya injini.

Kabla ya safari, fundi akague mambo haya: unene wa pedi na hali ya mafuta ya breki, ambayo yafaa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, kiwango cha maji ya rejeta na hali ya mipira yake, kashata za matairi na upepo wake, bila kusahau tairi la akiba, taa zote na waipa. Kumbuka pia kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gari lililojaa abiria na mizigo litapanda polepole kuliko ulivyozoea, na umbali unaohitaji ili kulipita lori utaongezeka.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, utelezi na ukungu huongezeka. Ndani ya ukungu washa taa za chini; taa kubwa huakisiwa na ukungu na kukupofusha mwenyewe. Punguza mwendo, na kama huoni mbele, egesha mbali na barabara. Katika maeneo ya makazi mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa katika nchi zote mbili.

Sehemu ya sita: Fedha, mafuta na manunuzi

Neno shilingi hutumika pande zote mbili, lakini thamani haifanani: shilingi moja ya Kenya hununuliwa kwa shilingi nyingi za Tanzania. Kabla ya kukubali bei yoyote mpakani, uliza: shilingi za wapi? Badilisha fedha benki au katika duka la fedha lenye leseni, na uhesabu mbele ya mhudumu. Mbadilishaji wa barabarani huweza kukupa noti bandia, au kukunja noti ili zihesabike mara mbili.

Bei za mafuta ya magari hazipangwi na mwenye kituo peke yake. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kenya, EPRA hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi. Bei hizo hutajwa kwa miji, kwa hiyo unaweza kujua kabla ya kufika kama kituo kinakutoza kupita kiasi. Dai risiti kila ujazapo. Bila risiti, malalamiko yako hayana mguu wa kusimamia.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake yaweza kufikia shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo. Tanzania ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Kagua buti na mikoba ya abiria kabla ya kufika kituoni.

Ukinunua bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unaweza kuomba cheti rahisi cha uasili hapo mpakani ili zisitozwe ushuru wa forodha. Kodi nyingine zaweza kuwapo, na bidhaa zote sharti zitajwe kwa ofisa.

Sehemu ya saba: Ajali ikitokea, na namna ya kulalamika

Simamisha gari, weka viakisi vya pembetatu mbele na nyuma, wahudumie majeruhi na uwaite polisi. Piga picha za magari, barabara na namba za usajili. Andika majina na simu za mashahidi. Usikiri kosa wala usiahidi kulipa chochote, kwa kuwa ahadi hiyo yaweza kuharibu madai yako ya bima. Omba polisi hati ya maelezo ya ajali kabla hujaondoka. Mjulishe mtoa bima wako siku hiyohiyo, na utoe taarifa kwa ofisi ya Kadi ya Njano katika nchi uliyomo. Ofisi hiyo ndiyo itakayoshughulikia madai ya walioumia.

Mtoa bima akikataa au akichelewesha madai bila sababu, mwandikie kwanza barua na utunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Asiporidhisha, peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Aliyeombwa rushwa kituoni atoe taarifa kwa mamlaka ya kuzuia rushwa ya nchi husika, akitaja saa, dirisha na jina lililo kifuani mwa ofisa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vivyo hivyo haki isiyo na kumbukumbu.

Maswali ya kujipima

1. Umeazimwa gari na shemeji yako, naye amekupa kadi halisi ya gari. Ni hati gani bado inakosekana?

2. Kadi yako ya Njano inaisha tarehe 30, lakini bima yako ya ndani inaisha tarehe 20. Safari ni tarehe 25. Je, unalindwa?

3. Kibali cha gari ni cha siku 7, na msiba umekufanya ukae siku 9. Ulipaswa kufanya nini, na lini?

4. Abiria anakushauri ushuke kwa frii ili kuokoa mafuta. Utamjibu nini?

Majibu: (1) Barua ya idhini iliyoshuhudiwa na wakili. (2) Hapana, kadi hutegemea bima ya ndani iliyo hai. (3) Kuomba kuongezewa muda forodha kabla ya siku ya 7 kwisha. (4) Kwamba frii haiokoi mafuta, na inaondoa breki ya injini mahali inapohitajika zaidi.

Aliyekosea swali lolote na arejee sehemu inayohusika kabla ya kuwasha gari. Kijitabu hiki kiwekwe ndani ya gari pamoja na nyaraka, ili dereva na abiria wakisome pamoja wakiwa bado nyumbani.